Barua ya wazi kuhusu namba za mvua ya Katanga

Kwa waheshimiwa wakuu wa METTELSAT, shirika la taifa la hali ya hewa la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa Wizara ya Uchukuzi, na kwa serikali ya jimbo la Haut-Katanga

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari hapa Lubumbashi, na pia mkulima mdogo, kwa maana familia yangu ina shamba la mahindi kandokando ya barabara ya Kasenga, na kila mwaka ifikapo Oktoba macho yetu huwa mawinguni. Masika moja, si ya zamani sana, simu yangu ilionyesha mvua ya siku sita mfululizo mwanzoni mwa Novemba. Mvua ya kwanza ilinyesha kweli, tukapanda. Baada ya hapo mvua ikakatika kwa karibu wiki mbili, mbegu zikachipua na kunyauka, nasi tukalazimika kununua mbegu nyingine wakati kila mtu anatafuta mbegu na bei imekwisha kupanda. Jirani yangu alisema ni mapenzi ya Mungu, na sikubishana naye. Lakini swali lilinibaki moyoni: je, programu ile ilikosea kwa sababu mvua haitabiriki, au kwa sababu hakuna aliyeifundisha kuijua Katanga?

Nimesoma kwa miaka kadhaa nikitafuta jibu, na nililolipata ndilo linalonisukuma kuwaandikia hadharani. Hisabati ya kuboresha utabiri wetu ipo, imekwisha andikwa, na sehemu kubwa yake haihitaji fedha nyingi. Kinachokosekana ni namba zetu wenyewe: vipimo vya hewa na mvua vya nchi hii, vilivyochukuliwa kwa saa, vikatumwa kwa saa, na vikatunzwa.

Naomba nianze mbali kidogo, kwa sababu kisa chenyewe kinafundisha. Mwaka 1922 Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha kitabu kinachoeleza namna ya kutabiri hali ya hewa kwa hesabu. Aligawanya ramani ya Ulaya katika miraba, akachukua vipimo vya asubuhi ya tarehe 20 Mei 1910, kisha akakokotoa kwa mkono, sehemu ya kazi hiyo akiifanya huko Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipokuwa akiendesha gari la kubeba majeruhi. Jibu lake lilisema kwamba kanieneo ya hewa katika sehemu moja ya Ujerumani ingepanda kwa hektopaskali 145 katika saa sita, jambo lisilowezekana, ilhali siku ile haikubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Miongo mingi baadaye mwanahisabati Peter Lynch wa Ireland aliirudia hesabu hiyo kwa kompyuta, akaonyesha kwamba kiini cha kosa hakikuwa katika milinganyo. Namba za kuanzia ndizo zilizokuwa na kasoro, kwa kuwa upepo na kanieneo kama vilivyopimwa havikuwiana. Zilipolainishwa kwa kichujio cha kihisabati kabla ya kuanza, mabadiliko yale ya hektopaskali 145 yalishuka hadi chini ya hektopaskali moja. Milinganyo ilikuwa ileile na miraba ileile.

Nimekumbuka kisa hicho kila mara ninaposikia watu wakisema kwamba utabiri wetu ni mbaya kwa kuwa hatuna kompyuta kubwa. Kompyuta ina nafasi yake, lakini tufikirie gharama zake. Modeli ya dunia, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hewa ya dunia nzima, ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati, kinachojulikana kwa herufi ECMWF, hugawanya uso wa dunia katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 9. Tukitaka kuupunguza upana huo kwa nusu, idadi ya miraba inakuwa mara nne. Tena hatua za muda nazo kwa kawaida lazima zifupishwe, kwa kanuni iliyothibitishwa na Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928, kwamba habari katika hesabu isiachwe nyuma na upepo unaoibeba. Kazi inakuwa mara nane, hata kabla ya kuongeza tabaka za juu. Mtu anayelipa mara nane ili kuendesha hesabu iliyoanza na namba mbovu atapata kosa lilelile, ila limechorwa kwa mistari myembamba zaidi.

Basi namba za kuanzia hupatikanaje? Hapa ndipo hisabati inapopendeza, na ndipo ninapowaomba uvumilivu wenu zaidi. Modeli huwa na makisio yake kuhusu hewa ya sasa, yatokanayo na utabiri wa saa chache zilizopita. Kipimo nacho huleta habari yake. Hakuna kati ya hivyo viwili kilicho sahihi kabisa, kwa hiyo tunavichanganya, tukimpa uzito mkubwa zaidi yule mwenye kosa dogo. Tuseme modeli inadai kwamba joto la Lubumbashi ni nyuzi 24, na kwa kawaida hukosea kwa nyuzi 2. Kipimajoto kinasema ni nyuzi 27, nacho hukosea kwa nyuzi 1. Uzito hupimwa kwa kinyume cha mraba wa kosa, yaani robo kwa modeli na moja kwa kipimajoto, na jibu la pamoja ni nyuzi 26.4. Lililo muhimu zaidi ni kwamba kosa la jibu hilo ni takriban nyuzi 0.9, dogo kuliko la modeli peke yake na dogo kuliko la kipimajoto peke yake. Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho huikokotoa hesabu hiyo ubaoni kwa dakika kumi, na kila mwaka kuna anayeinua mkono kuuliza inawezekanaje mashahidi wawili wenye makosa watoe ushahidi bora kuliko yule aliye bora kati yao. Inawezekana, ilimradi makosa yao hayategemeani.

Rudolf Kalman aliiweka hoja hiyo katika umbo la jumla mwaka 1960, na mwaka 1994 Geir Evensen wa Norway akaonyesha namna ya kuitumia kwa modeli kubwa, kwa kuendesha nakala nyingi za modeli kwa pamoja na kutazama jinsi zinavyotofautiana. Tofauti hizo ndizo zinazofanya kipimo kimoja kiwe na thamani kuliko kinavyoonekana. Nakala zikionyesha kwamba kila Luano, kwenye uwanja wetu wa ndege, inapokuwa na unyevunyevu kuliko ilivyodhaniwa, upepo wa Kipushi nao huwa umekosewa kwa upande fulani, basi kipimo cha Luano kitasahihisha pia upepo wa Kipushi, ambako hakuna chombo. Kituo cha Ulaya, tangu 1997, hutumia njia nyingine ya jamaa hiyohiyo, inayolinganisha modeli na vipimo katika kipindi kizima cha saa kadhaa badala ya dakika moja tu. Lakini njia hizi zote zina sharti moja ambalo hakuna mwanahisabati anayeweza kulikwepa: mahali pasipo na kipimo wala jirani mwenye kipimo, uzito wote huangukia makisio ya modeli, na modeli hubaki ikijisikiliza yenyewe.

Mtu anaweza kujibu kwamba siku hizi setilaiti huona kila mahali. Ni kweli kwamba zimesaidia sana. Hata hivyo, vyombo vyake vinavyopima mionzi ya joto havioni chini ya mawingu mazito, na sisi tunauhitaji utabiri zaidi hasa katika miezi ambayo anga yetu imefunikwa na mawingu. Vyombo vya mawimbi mafupi ya redio hupenya kwa sehemu tu. Tena kuna jambo la latitudo ambalo sijalisikia likitajwa katika mijadala yetu. Kule Ulaya mzunguko wa dunia huufunga upepo kwenye kanieneo, kiasi kwamba anayejua kanieneo anaweza kukisia upepo vizuri. Nguvu hiyo hufuata sine ya latitudo, ile ya hesabu za pembe. Lubumbashi iko karibu na nyuzi 11.7 kusini, na ukikokotoa utaona kwamba hapa nguvu hiyo ni takriban robo tu ya ile ya Brussels. Kwetu kanieneo haituambii mengi kuhusu upepo. Upepo lazima upimwe wenyewe, katika tabaka zote, kwa puto linalobeba vyombo, kwa ndege zinazopaa na kutua, au kwa setilaiti maalumu. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Aeolus, iliyorushwa mwaka 2018 na kukoma kazi mwaka 2023, ilipima upepo kwa miale ya leza, na nchi za tropiki zilikuwa miongoni mwa zilizofaidika zaidi. Puto moja linalorushwa asubuhi kutoka Katanga lina habari mpya kwa dunia kuliko puto la kumi la nchi iliyojaa vituo. Ninalisema hili nikitumaini kwamba mtalitumia mnapojadiliana na wafadhili, kwa kuwa anayelipia puto letu anauboresha utabiri wake mwenyewe.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikubaliana mwaka 2021 juu ya mtandao wa msingi wa vipimo, ambao kanuni zake zilianza kufanya kazi Januari 2023: kituo cha ardhini kila kilomita 200 au pungufu, kikituma namba kila saa, na kituo cha puto kila kilomita 500, mara mbili kwa siku. Nimegawanya tu, kwa kalamu. Nchi yetu ina kilomita za mraba zipatazo 2,345,000. Ukigawanya kwa mraba wa kilomita 200 kwa 200 unapata vituo 59 hivi. Jimbo la Haut-Katanga, lenye kilomita za mraba zaidi kidogo ya 132,000, linahitaji vitatu au vinne. Waheshimiwa, ni vitatu au vinne! Jimbo linalochimba shaba na kobalti ya kupelekwa duniani kote haliwezi kukosa vituo vinne vyenye betri, paneli ya jua, laini ya simu na mtu mmoja anayelipwa kwa wakati ili avisafishe na kuvilinda. Najua hicho ni kiwango cha chini kabisa, na kwamba mvua ya radi inaweza kunyesha Ruashi hapa mjini ikaiacha Katuba kavu. Lakini ngazi hupandwa kuanzia kipago cha chini.

Hiyo, ya kupata vipimo, ni nusu ya kwanza ya kazi. Nusu ya pili, ya kuusahihisha utabiri wenyewe, inaweza kuanza hata kabla ya kituo kimoja kipya kujengwa. Mraba wa kilomita 9 una eneo la kilomita za mraba 81, na wingu la radi laweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, kwa hiyo modeli hailioni wingu lenyewe. Hulikisia kwa kanuni za jumla. Kanuni hizo zina tabia zinazojulikana katika tropiki. Hunyesha mara nyingi mno na kidogo mno, yaani mvua hafifu siku nyingi badala ya mvua kubwa siku chache, na mara nyingi huiwahisha mvua hadi karibu na adhuhuri, ilhali kila mama anayeanika unga au nguo hapa mjini anajua kwamba wingu la hatari hujikusanya alasiri. Kosa lenye tabia ni kosa linaloweza kusahihishwa. Ukiwa na utabiri wa miaka kumi uliotunzwa, na mvua iliyopimwa kweli katika siku hizohizo, unazikusanya pamoja siku zote ambazo modeli ilisema kiasi fulani na kutazama mvua iliyopimwa siku hizo, kisha unajifunza kwamba modeli inaposema milimita tano, Lubumbashi hupata sifuri au hupata ishirini, na kwa mara ngapi. Kazi hiyo hufanyika kwenye kompyuta ya mezani. Mwalimu mmoja na wahitimu wawili wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanaiweza.

Sitaki kuahidi kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya Afrika ya kitropiki kaskazini mwa ikweta ulionyesha kwamba utabiri wa mvua wa modeli za dunia, ukichukuliwa kama ulivyo, ulishindwa hata na makisio yanayotegemea takwimu za miaka iliyopita tu, na kwamba usahihishaji uliuinua kidogo tu juu ya hapo. Habari hiyo ilinisikitisha nilipoisoma, lakini imenifundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba programu za simu zinazoonyesha picha ya wingu kwa siku kumi mbele zinamwambia mkulima kitu ambacho hazina. La pili ni kwamba Katanga, ambayo iko kusini mwa ikweta na ina majira mawili yaliyotengana waziwazi, lazima ipimwe yenyewe; hakuna mtu atakayetujibia swali hili kutoka nje.

Ndiyo maana naomba pia lugha ya utabiri ibadilike. Tangu 1992 kituo cha Ulaya hakitoi jibu moja pekee, bali kundi zima la utabiri, ambalo leo lina nakala 51 zilizoanzishwa na tofauti ndogondogo, kwa kuwa Edward Lorenz alionyesha mwaka 1963 kwamba tofauti ndogo mwanzoni hukua hadi kufunika yote. Nakala 30 kati ya 51 zikionyesha ukame wa siku kumi baada ya mvua ya kwanza, huo ni uwezekano wa karibu asilimia 59, na mkulima ana haki ya kuujua. Msidhani hataelewa. Mkulima hucheza na uwezekano maisha yake yote. Ikiwa kuchelewa kupanda kwa wiki moja kunamgharimu robo ya kile ambacho angepoteza kwa mbegu kunyauka, basi kanuni yake ni rahisi: asubiri kila mara uwezekano wa ukame unapozidi asilimia 25. Mwenzake mwenye mbegu za akiba atakuwa na kiwango kingine. Neno “mvua inatarajiwa” linawanyima wote wawili uamuzi wao, na katika mji ambao bei ya unga wa bukari, yaani ugali wetu, hutikisika mara mahindi yanapopungua, uamuzi huo si wa shamba peke yake. Wanaosimamia mabwawa ya umeme ya Mwadingusha kwenye Lufira, na ya Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, wana hesabu ya aina hiyohiyo, yenye fedha nyingi zaidi.

Wengine wataniambia kwamba akili mnemba imekwisha maliza tatizo. Ni kweli kwamba mabadiliko ni makubwa: Februari 2025 kituo cha Ulaya kilianza kutumia rasmi modeli yake ya akili mnemba sambamba na ile ya milinganyo, na modeli za aina hiyo hutoa utabiri wa siku kumi kwa dakika chache. Zaidi ya hayo, tangu Oktoba 2025 kituo hicho kimefungua orodha yake yote ya utabiri wa kila siku bila ada ya leseni, jambo ambalo kwa nchi kama yetu ni mlango mkubwa. Lakini modeli hizo zimejifunza hasa kutoka kumbukumbu ya ERA5, ambayo ni historia ya hewa iliyojengwa kwa kuchanganya modeli na vipimo kwa njia niliyoieleza hapo juu. Palipokuwa na vipimo vichache, historia hiyo ni ya modeli zaidi kuliko ya hewa. Mwanafunzi aliyesoma daftari lenye kurasa za Katanga zilizojazwa kwa makisio atatoa makisio, hata awe hodari namna gani.

Na kurasa za kweli zipo. Taasisi ya kilimo ya wakati wa ukoloni, INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, iliacha kumbukumbu za mvua na joto za vituo vingi, kikiwemo cha Keyberg karibu na mji wetu. Nakala zimehifadhiwa Ubelgiji, na mradi uitwao COBECORE ulianza kuzigeuza kuwa namba za kompyuta. Hapa nyumbani pia yapo madaftari. Ofisi moja niliyokwenda kuomba takwimu za mvua ilinionyesha rundo lake, kurasa zenye mwandiko mzuri wa wapimaji walioamka kila asubuhi kabla ya jua kusoma chombo, na pembe za juzuu kadhaa zilikuwa zimekwisha liwa na mchwa. Sikuruhusiwa kupiga picha. Niliambiwa kwamba takwimu huuzwa, bei ikatajwa, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Sina kinyongo na mtumishi aliyenipokea, kwa kuwa alifuata agizo. Lakini nawaomba mlifikirie agizo hilo: namba ya mvua ya zamani iliyofungiwa kabatini haimpi mtu chochote isipokuwa mchwa, na ikitolewa bure inaweza kusahihisha utabiri wa kila siku ijayo.

Ombi langu, basi, ni kwamba vipimo vya Luano na vya vituo vingine vya jimbo vitumwe kila saa kwenye mtandao wa dunia bila kukatika, na kwamba fedha za jimbo zigharamie kwanza matunzo ya vituo vitatu au vinne kabla ya chombo chochote cha fahari. Naomba madaftari yote yapigwe picha na yafunguliwe kwa umma. Naomba kuundwe kikundi kidogo cha wanahisabati na wanahewa, chenye mishahara ya kweli, ambacho kazi yake ya kila siku itakuwa kupakua utabiri uliofunguliwa, kuusahihisha kwa vipimo vyetu, na kuutangaza redioni kwa asilimia, kwa Kiswahili na kwa lugha za vijijini.

Na naomba sana, kuliko yote, kwamba utabiri uliotangazwa usifutwe. Ubandikwe ukutani, na mwisho wa mwezi uwekwe kando ya kilichonyesha. Glenn Brier alitupa kipimo cha haki tangu 1950: aliyesema asilimia 70 na mvua ikanyesha anahesabiwa kosa la 0.09, isiponyesha, 0.49, na aliyejidai kuwa na hakika kamili akakosea, anabeba 1 nzima. Alama hizo zikijumlishwa kwa masika moja tu, tutajua kama usahihishaji wetu umefaa kitu, na mwaka unaofuata tutajua kama tumesonga mbele. Ikionekana kwamba tumeshindwa na takwimu za miaka iliyopita, tutangaze hivyo pia, kwa sauti ileile.

Kuhusu madaftari, sihitaji malipo. Nina wanafunzi wapatao ishirini wanaoandika namba vizuri na wanaojua kwa nini sifuri na kisanduku kitupu si kitu kimoja katika jedwali la mvua. Tuko tayari kuja na meza zetu na kuanza kunakili Jumamosi yoyote mtakayoitaja, na tungependa iwe kabla ya masika, kwa sababu paa la chumba kile lilikuwa linavuja.

Kwa heshima kubwa,

Mwalimu wa hisabati, Lubumbashi